Rangi za Ramani ya Nizar

Nianze na hili, nisije nikaambiwa nimeficha: programu ile ilifanya kazi. Watu wa Kengeja wakisimulia mambo yetu hupenda kusema kwamba Nizar, mume wangu, aliletewa shetani ndani ya laptopu. Hapana. Aliletewa kitu kizuri kilichofanya kama kilivyoahidi, na ndiyo maana mpaka leo nikikumbuka hasira hunipanda upya. Kingekuwa kibovu tungekitupa wiki ya kwanza, tukacheka, mambo yakaisha.

Biashara yetu ilikuwa kukodisha vyombo vya shughuli. Turubai, viti, majamvi, masufuria ya pilau, sahani, birika za kunawia, mpaka taa za kupambia mlango wa bibi harusi. Aliianzisha mama mkwe wangu, Bi Thuraiya, kwa masufuria mawili aliyobaki nayo ukoo wao ulipopoteza mashamba, na alikuwa na neno lake kwamba sufuria haliulizi wali ni wa nani. Nyumba yetu haikuwa na chama. Si kwamba hatukupiga kura. Tulipiga, kila mtu na lake moyoni, lakini turubai letu lilifunika harusi za hawa na matanga ya wale, kisha likaoshwa likakunjwa likangoja shughuli nyengine.

Shida ilikuwa mpangilio. Nizar ana roho nzuri na kichwa cha fujo. Masufuria yako Mtambile, mifuniko iko Mkoani. Turubai jipya limekwenda kwenye khitma, na lile kuukuu lenye viraka limekwenda kwenye harusi ya watu waliokuja na wageni kutoka Unguja. Mara moja tulipeleka taa za harusi, zile za kuwaka na kuzima, kwenye nyumba iliyofiwa, na mfiwa akaziona zimeshatundikwa mlangoni. Mama yake akimwambia, "Mwanangu, kichwa chako ghala lisilo mwenyewe," naye hucheka akabusu mkono wake.

Mwanzoni mwa mwaka elfu mbili na kumi na sita akaenda semina ya wafanyabiashara wadogo, Chake Chake, mtaa wa Madungu. Akarudi na laptopu ya mtumba na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu.

"Ghaliya, njoo uone."

Akafungua. Katikati ya kioo palikuwa na duara, na ndani yake kaandika jina la biashara yetu. Akabonyeza, likachomoza tawi. Akabonyeza tena, tawi likazaa kijitawi. Inaitwa ramani ya mawazo, akaniambia. Jambo lako kubwa unaliweka kati, na kila linalotokana nalo unalipatia tawi lake, yakizidi unayakunja, ukiyahitaji unayakunjua. Nikamwambia hata muhogo unafanya hivyo, nao haukwenda semina.

Nilimfanyia mzaha, lakini nilimtazama akifanya kazi. Alifungua tawi la harusi, tawi la khitma na matanga, tawi la maulidi, na tawi la vyombo vilivyobaki mikononi mwa watu. Chini ya kila tawi akaandika majina ya wateja, na chini ya kila jina, kwa maandishi madogo, akaandika kijiji, siku, alichochukua na kilichorudi. Shughuli ikihamishwa siku, analivuta jina kwa kidole analipeleka mahali pengine. Tangu hapo mifuniko ikasafiri na masufuria yake. Mama mkwe wangu, aliyekuwa ameanza kuumwa moyo, miguu imevimba na pumzi fupi, aliletewa laptopu kitandani akaonyeshwa. Akauliza, "Na vijiko?" Nizar akakunjua kijitawi, vijiko vikatoka. Bi Thuraiya akacheka mpaka akakohoa.

Sasa, kama hukuwapo Pemba mwaka ule, nikwambie kidogo. Uchaguzi wa Oktoba ulikuwa umefutwa. Ukarudiwa Machi, na upande mmoja ukagoma kuingia. Baada ya hapo watu wakagomeana wao kwa wao. Mtu hanunui dukani kwa mtu wa chama kile. Hapandi gari yake. Hamuitiki salamu. Haendi harusini kwake, na mwisho, jambo ambalo wazee wetu hawakulijua, haendi kumzika. Kulikuwa na maiti waliochukuliwa na ndugu zao watatu wanne, jirani wakiwa wamekaa barazani wanatazama.

Sisi tulidhani tumesalimika, maana sufuria haliulizi. Pande zote mbili ziliendelea kukodi kwetu. Basi mwezi wa Mei, wakati harusi za Mfungo Mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani, zimeanza kuwekwa, Nizar akaipeleka ramani yake Chake akaichapisha kwenye karatasi kubwa ya rangi, akaibandika ukutani mbele ya banda la vyombo, ili wapakiaji waione na wateja wajue kwamba mambo yetu yamepangika.

Rangi hakuzichagua yeye. Programu yenyewe hulipatia kila tawi rangi yake, na majina yote ya tawi hilo huandikwa kwa rangi hiyo. Harusi zikapewa buluu. Khitma na matanga yakapewa kijani. Vyombo vilivyobaki kwa watu vikapewa nyekundu. Maulidi yakapata kahawia. Kijani ni rangi ya chama kinachotawala, na buluu ilikuwa ya waliogoma, kila mtoto wa kisiwa hiki anajua. Majina ya watu wa Kengeja, hawa kwa kijani, hawa kwa buluu, hawa kwa nyekundu, ukutani, mwaka ule. Nizar, mtu mzima, mzaliwa wa hapa hapa, hakuona. Alikuwa akitazama sahani.

Sijui nani aliipiga picha. Najua ilipita kwenye simu, wasapu kwa wasapu, na ikisafiri hivyo yale maandishi madogo yakafifia yakawa kama vumbi. Yakabaki majina na rangi. Juu yake mtu kaandika: *Watu wa Kengeja mmeshagaiwa. Tafuta jina lako.*

Jirani yetu Mwanamize, aliyekuwa akiingia kwangu bila kubisha hodi, siku ile alibisha. Akasimama nje ya mlango, simu mkononi.

"Ghaliya, mumeo kaajiriwa na nani?"

"Na mama yake," nikamwambia nikicheka.

Hakucheka. Akanionyesha. Mie nikatazama, na hapo ndipo macho yangu yalipofunguka, nikaketi kwenye kizingiti. Ilikuwa mbaya kuliko kama majina yangepangwa sawasawa kwa vyama. Ingekuwa imepangwa sawasawa angalau upande mmoja ungetuamini. Lakini harusi na misiba havifuati chama. Mzee Shaame, ambaye hakuna Kengeja nzima asiyejua kwamba yeye ni mpinzani tangu vyama vingi viingie, alikuwa ndani ya kijani kwa sababu mwaka uliopita alifanya khitma ya mkewe. Mwalimu Othman, mtu wa serikali wazi wazi, alikuwa ndani ya buluu kwa sababu alimwoza binti. Wa kijani wakasema wamesingiziwa usaliti. Wa buluu wakaogopea kazi zao. Na wale wekundu wakaambiwa ndio watakaokuja kukamatwa. Mtu mmoja aliyekuwa na birika yetu moja tu aliihama nyumba yake akaenda kujificha kwa shemeji yake Wingwi.

Nizar alipoelewa aliibandua karatasi. Kisha, kwa kuwa hawezi kuacha jambo lilivyo, akaifungua tena ramani kwenye laptopu, akafuta rangi zote, akachapisha nyengine nyeusi tupu, akaibandika ili watu waone kwamba hapana kitu. Wakasema sasa anaficha. Akaichana. Wakasema keshaipeleka inakopelekwa. La kuvunda halina ubani.

Akaanza kwenda nyumba kwa nyumba, laptopu kwapani. Mwalimu Othman hakumkaribisha ndani. Walisimama kwenye ngazi.

"Mwalimu, hii buluu ni harusi. Ulimwoza binti mwezi wa Januari, ukachukua maturubai mawili."

"Najua nilimwoza binti," akajibu Othman. "Mkuu wangu wa kazi ndiye hajui kwamba buluu yako ni harusi."

"Basi nipeleke kwake nimweleze."

"Nikupeleke? Nionekane natembea nawe?" Akafunga mlango taratibu, kwa adabu.

Kwa Mzee Shaame tulikwenda pamoja, maana huyo hakuwa mtu baki. Mama yake Shaame alimnyonyesha Bi Thuraiya alipokuwa mchanga, mzazi wake hana maziwa. Kwa hivyo wale wawili walikuwa ndugu wa ziwa moja, haramu kuoana, halali kuonana, na Nizar tangu mtoto akimwita Mjomba. Tulimkuta nyuma ya nyumba akimenya muhogo. Nizar akamwamkia. Mzee akaitika, lakini kisu hakukiweka chini.

"Mjomba, sikukuandika chama. Programu ndiyo iliyochagua rangi."

"Programu ya nani?"

"Ya watu wa nje huko. Hawatujui."

"Hawatujui, wamejuaje kijani na buluu?"

Nizar akafungua laptopu, akamwonyesha kijitawi chenye jina lake, akakikunjua, yakatoka maneno madogo: khitma, masufuria matatu, majamvi, vimerudi vyote. Mzee hakuinama kusoma.

"Mie nimelala ndani kwa chama changu," akasema. "Nimekatiwa mikarafuu. Leo vijana wa watoto wangu wananiuliza, babu, kumbe weye kijani? Sina la kuwajibu. Ntu hufutwa na ndugu yakwe. Nenda zako, Nizar. Mamako nsalimie."

Tulirudi kwa mguu. Njiani tukapishana na watu niliowapikia, niliowapaka hina, na kila mmoja akapata kitu cha kutazama upande mwengine. Nikawa na hasira nao kiasi cha kutaka kuwatukana mmoja mmoja kwa majina ya mama zao. Nilikuwa na hasira na Nizar pia, na nilimwambia, na sijuti. Mchuma janga hula na wa kwao, nikamwambia, wewe umechuma na sisi tunakula.

Shughuli zote za Mfungo Mosi zikaondolewa kwetu. Mwezi wa Ramadhani mtu haletewi futari wala hapokelewi anayoipeleka. Msikitini Nizar akisimama safuni, wa kulia husogea, na wa kushoto husogea, na kila Muislamu anajua kwamba safu haiachwi pengo. Waliliacha. Alikuwa akirudi tarawehe anakaa uani anajipepea wakati hapana joto.

Lakini njaa ya biashara si jambo ninalotaka kulisimulia. Tungeuza viti, tungelima. Jambo lenyewe lilikuwa ndani, chumba cha kati, juu ya kitanda.

Bi Thuraiya alikuwa anakwisha. Daktari wa Mkoani alitwambia tumpeleke nyumbani tumpe anachokitaka. Na alichokitaka tangu zamani kilikuwa kimoja, kila mtu Kengeja akijua, maana alikisema hata akiwa mzima: azikwe na watu wengi. Wengine hutaka Makka, wengine hutaka wajukuu. Yeye alikuwa amekwenda kwenye kila msiba wa mji ule tangu ujana wake. Alikwenda mvua ikinyesha, alikwenda mgonjwa. Alisimama juu ya masufuria yake siku tatu kwa watu ambao hata jina lake hawakulijua vizuri, na hesabu yake ilikuwa moja tu, kwamba siku yake nao watakuja.

Kwetu mgonjwa hutazamwa. Nilikuwa nimemtandikia mkeka chini, kando ya kitanda, kwa ajili ya wanaokuja kumtazama, na mkeka ule ukakaa na vumbi. Nizar alimwambia watu wako mashambani. Kisha akamwambia ni Ramadhani, watu wamechoka. Idi ikaja ikapita, hakuingia mtu kumpa mkono. Siku moja asubuhi ninamwosha uso akanishika kifundo cha mkono.

"Ghaliya, watu wa Kengeja wamehamia wapi?"

"Wapo, mama."

"Wapo, na nkeka huu haujakaliwa?"

Nilijaribu kumpa maji. Akageuza uso. Basi nikamwambia yote, ramani, rangi, picha, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ya chini. Aliniacha nimalize. Sikuona hasira usoni pake, niliona hofu, na sikuwahi kumwona nayo.

"Shaame naye?"

"Naye, mama."

Akautazama mkeka. Kisha akasema, "Mie nimewazika wote. Nimewafukizia ubani, nimewapikia. Nisizikwe na watu wa kuhesabika, mwanangu. Siombi jengine. Nisipite njiani nna watu wanne kama nilokufa kwa maradhi ya kuambukiza."

Niligeuka nikamwona Nizar mlangoni na kikombe cha uji. Alikiweka chini, akatoka. Siku ile alipita nyumba za watu tena, safari hii bila laptopu, bila maelezo, anaomba tu waje wamtazame mama yake. Hakuna aliyemfukuza. Walimwitika kwa upole, wakamwambia inshallah, na hawakuja.

Alifariki baada ya Idi, asubuhi, jua limeshapanda. Nilikuwa nimemshika mkono mmoja na Nizar mmoja. Shahada aliitoa vizuri. Ninashukuru kwa hilo.

Nizar akaenda msikitini akatoa habari, ikatangazwa kwenye kipaza sauti, jina lake kamili na la baba yake. Tukangoja. Mwanamize akaja, macho yamevimba kwa kulia, akasema, "Nimekuja kwake, sikuja kwenu," akaingia moja kwa moja chumbani kuosha. Wakafuata wanawake wengine, wakapita mbele yangu bila kunipa mkono wa pole, wakakaa naye, wakamsomea. Wanawake wana njia yao ya kupita. Palipokuwa hapapitiki ni barazani. Barazani hapakuwa na mwanamume hata mmoja.

Nizar akatoa turubai jipya. Alilifunga peke yake, mimi nimemshikia nguzo, kanga yangu nimeifunga kiunoni, watu wanachungulia madirishani. Akatandika majamvi. Akapanga viti safu baada ya safu, viti vyote tulivyokuwa navyo. Nilitaka kumwambia aache, maana kila kiti kilizidisha utupu, lakini alikuwa anafanya kama mtu anayezima moto.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Maiti ameshakafiniwa, ananukia udi, yuko tayari. Hapo ndipo Mzee Shaame alipokuja. Hakuingia chini ya turubai. Alisimama ukingoni mwa ua, kanzu safi, kofia, macho mekundu.

"Nizar. Watu wako nskitini. Wamejaa mpaka nje. Wako tayari."

Nizar akamwendea. Akamshika mzee mikono miwili. Mzee akaitoa mikono yake, pole pole.

"Sikiliza kwanza. Thuraiya tunanzika. Yeye hana kosa na ntu. Lakini wamesema weye usiwepo. Ukishika jeneza, wao hawashiki. Ukisimama safuni, wao wanatoka. Ntu aloandika majina ya watu, watu hawasimami naye."

"Mjomba, mimi ndiye mwanawe wa pekee."

"Najua."

"Nani atamshusha kaburini? Mwanamke hushushwa na maharimu wake."

"Mie nimenyonya naye ziwa moja," akasema Shaame. "Ntanshusha mie."

Alikuwa hajamaliza, Mwalimu Othman akatokea kwa upande wa pili wa ua. Hao wawili walikuwa hawajasemezana tangu Machi. Hawakusalimiana hata hapo. Othman akamwita Nizar pembeni, akakohoa, akamwambia kwamba watu wa upande wake nao wako tayari, kwa heshima ya Bi Thuraiya, lakini wanaona ni hekima kama yeye Nizar angebaki nyumbani. Walikuwa hawajashauriana. Mji mzima ulikuwa umepasuka vipande viwili tangu uchaguzi, na neno la kwanza uliloafikiana lilikuwa hili.

Nikatoka mlangoni. Sikujali kama ni mahali pangu au si mahali pangu. Nikawaambia wote wawili kwamba Mungu anawaona, kwamba mama yule aliwapikia maiti zao, kwamba kumzuia mtoto asimzike mzazi wake ni dhambi isiyo rangi. Mwalimu Othman akatazama chini. Mzee Shaame akanijibu bila ukali, "Kweli, Ghaliya. Na wao hawatokuja. Chagueni." Nilitamani Nizar awafukuze. Tulikuwa na gari yetu ndogo ya kubebea vyombo. Tungempakia, yeye na mimi, tungemzika wawili na tungelala na heshima yetu. Nilimwambia hivyo mbele yao.

Nizar alitazama viti vyake vitupu. Kisha akaingia ndani, akawaomba wanawake nafasi. Nilimfuata. Alipiga magoti pembeni ya kitanda, akaweka paji lake juu ya sanda, akamwambia kitu sikukisikia. Alipotoka uso wake ulikuwa umetulia vibaya.

"Mjomba," akasema, "mchukueni."

Jeneza likaja na watu. Sisi tukarudi nyuma ya mlango wa ua, mimi nimesimama kwenye upenyo, yeye amekaa chini, mgongo ukutani, kama mgeni ambaye hakualikwa katika nyumba aliyozaliwa. Nilisikia wanamtoa. Nikaona Shaame bega la kulia mbele, Othman bega la kushoto, chini ya jeneza moja, hawatazamani. Nyuma yao wakaingia wa kijani na wa buluu na wale waliojiona wekundu, hata yule wa birika kaja kutoka Wingwi. Wakaanza kupokezana, huyu anatoa bega, huyu anatia, kama ilivyokuwa zamani kabla hawajagomeana. "La ilaha illa Llah," sauti ikajaa njia. Niliwachukia wakati ule kuliko wakati wowote, na nilikuwa nalia kwa jinsi ilivyopendeza.

"Ghaliya," Nizar akaniita kutoka chini. "Wako wengi?"

Ningeweza kumwambia wachache. Kilikuwa kisasi changu pekee kilichobaki, na kingemuumiza yeye si wao.

"Wengi," nikamwambia. "Wa mbele wameshapinda kona ya skuli, na wa nyuma bado wako hapa mlangoni petu."

"Wamechanganyika?"

"Wamechanganyika."

"Alhamdulillahi," akasema. Akafunika uso kwa viganja akakaa hivyo mpaka mtu wa mwisho akapita.

Kisha akainuka, akatawadha, akasimama uani akaelekea kibla. Sijui kama inaswihi mtu kumswalia maiti aliye mtaa mmoja naye, anayemsikia akipita. Wanaojua waniambie, lakini wasinambie leo. Nilijitanda nikasimama nyuma yake. Swala ya maiti haina rukuu wala sijida, tuliimaliza sauti zao bado zinasikika upande wa makaburini. Akageuza uso kulia akatoa salamu, na kulia kwake hapakuwa na mtu. Akageuka kushoto, napo hapakuwa na mtu, akaitoa yote mpaka mwisho, pole pole, asiache hata neno.